Picha ya Kijiji Kizima

Benchi hili ni langu. Liko Bunda, ubavuni mwa kibanda cha Masatu cha kushonea, mahali basi la Musoma linaposimama na vumbi la pamba kutoka jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, linapomwangukia kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Mimi ni Florian, muuza kahawa. Nilikuja kutoka Bukoba na gunia la buni na birika moja, nikaoa hapa, nikawa mtu wa hapa. Wateja wangu wa kudumu ni watatu, wote wa kijiji chetu kipya cha njia ya Guta, tulichohamia kwa amri ya serikali mwaka wa sabini na nne. Wa kwanza ni huyo Masatu, fundi cherehani, tunamwita Jicho kwa sababu ya kamera yake. Wa pili ni Mwikwabe, tunamwita Redio. Ukimwasha asubuhi hazimiki mpaka betri iishe, na betri yake haiishi. Wa tatu ni Silasi, mkulima wa pamba, tunamwita Shemasi kwa vile anaongea taratibu kama anasoma matangazo ya kanisani, ingawa kanisani kwenyewe anakaa karibu na mlango ili atoke wa kwanza. Siku ninayoisimulia, mwaka mmoja tangu tuhamie, basi la asubuhi lilikuwa limeleta bahasha kutoka Musoma. Masatu alikuwa ameiweka magotini, ameshaifungua, ameshachungulia, na sasa ameikumbatia.

Redio: Toa tuone, Jicho. Unaikumbatia kama mtoto mchanga.

Masatu: Kunywa kahawa yako.

Redio: Nimeshakunywa. Hizo ni picha za kijiji, si za mke wako.

Shemasi: Mwache apumue.

Redio: Apumue nini? Basi la dereva Mseti likirudi alasiri linaondoka na picha kwenda ofisini Musoma. Katibu wa chama alisema kwa mdomo wake mwenyewe: nataka picha ya kijiji kizima, asikosekane mtu. Si tulimsikia?

Shemasi: Tulimsikia.

Redio: Sasa huyu anaficha.

Hapa lazima nieleze habari ya kamera, la sivyo utadhani watu wazima wanagombania karatasi. Ilikuwa ya mzungu mmoja, fundi wa mitambo pale jineri. Alipomaliza kazi yake na kurudi kwao, alitandaza vitu vyake barazani: kitanda, beseni la kuogea, viatu vya mvua, na sanduku dogo la ngozi ambalo watu hawakujua ni la nini. Masatu alikwenda pale na baiskeli, akarudi kwa miguu, sanduku linaning'inia shingoni. Mkewe Tereza hakumpakulia chakula jioni ile. Lakini alipolifungua hapa benchini, jamani! Unabonyeza kitufe, mlango unadondoka, pua inatoka mbele na kifuko chake cha ngozi kilichokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono cha misheni. Ukichungulia kwenye kitundu chake unamwona mtu mmoja kama wawili, mmoja kajitenga kidogo na mwenzake. Unazungusha pete polepole, wale wawili wanasogeleana, wanaingiana, wanakuwa mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Kila mmoja wetu alichungulia, na kila mmoja aliinuka kifua mbele kana kwamba kaitengeneza yeye.

Mpaka siku ile, mtu wa Bunda akitaka sura yake alipanda basi kwenda kwa mwenye studio Musoma, akavishwa koti la studio lililokwisha kuvaliwa na mkoa mzima. Mwenye studio aliposikia kwamba kuna mshonaji Bunda ana kamera alicheka, akauliza kama inashona na suruali. Maneno yalitufikia, na yalituuma. Ndiyo maana Katibu alipotaka picha ya kijiji, ipigwe siku ya Saba Saba, ya kutundika ofisini, iwe mfano kwa vijiji vingine, benchi lilikataa katakata mtu wa Musoma asije. Tuna jicho letu. Na kwa kuwa tulikuwa wajamaa, kazi tuligawana ili asijivune mtu mmoja. Masatu kupima na kubonyeza. Shemasi kupanga watu. Redio kuzungusha mkanda kila baada ya picha, mpaka namba mpya itokee kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni, maana kamera ile haijizungushi yenyewe, na mkanda usipozungushwa picha mpya inaangukia pale pale pa ile ya kwanza. Mimi nilipewa kazi ya kutoigusa, kwa ajili ya mikono yangu yenye kahawa.

Masatu: Haya. Tazameni. Ila asiseme mtu mpaka wote wameona.

Hakusema mtu, na kwa Redio hiyo ilikuwa ajabu. Picha ilikuwa ya mraba, kama kiganja. Kijiji kilikuwemo, tena kizuri: madarasa mapya ya bati, bendera, viongozi vitini, kinamama na kanga zao za Saba Saba, watoto wamekaa chini mbele. Lakini katikati ya wote, mrefu kama mlingoti, alisimama Mzee Werema na fimbo yake. Watoto wa shule walikuwa wamepita kwenye miguu yake. Nyumba yake ya nyasi ilikuwa imeingia ndani ya darasa la tatu. Ng'ombe wake walikuwa kati ya viongozi. Yale mawe ya kaburi la mkewe yalikuwa chini ya kiti cha mwenyekiti, na bendera ilikuwa imeota juu ya kofia ya mzee.

Redio: Werema huyu?

Masatu: Unamjua Werema mwingine?

Shemasi: Huyu si ndiye aliyekataa kuhama?

Masatu: Ndiye.

Shemasi: Lakini Saba Saba hakuja! Watu nilipanga mimi, kwa mkono huu. Mrefu nyuma, mfupi mbele. Werema sikumpanga.

Redio: Na sasa ni marehemu.

Shemasi: Amekufa mwezi uliopita. Saba Saba alikuwa hai, lakini alikuwa kwake, ng'ambo ya kilima.

Kweli, Mzee Werema ndiye mtu pekee wa kwetu ambaye hakuhama. Kaburi la mkewe Boke lilikuwa mbele ya mlango wake, na alisema hawezi kumwacha mwanamke peke yake porini. Mgambo walitumwa kwake mara mbili. Aliwapokea kwa neno ambalo aliwaambia wageni wake wote, awe mchunga mbuzi au mkubwa wa serikali: wekeni chini mlivyoshika, mnawe. Kwake mtu hakuingia na chombo cha kazi mkononi, wala hakugusa kibuyu cha maziwa kabla ya kunawa. Mgambo wakaweka chini virungu, wakanawa, wakanywa maziwa ya mgando, wakashiba, wakaaga vizuri, wakarudi bila mzee. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mwisho viongozi wakasema mwacheni, amechoka. Nilimpenda mzee yule, nasema wazi.

Masatu: Nimekwisha.

Shemasi: Usiseme hivyo.

Masatu: Nimekwisha, Shemasi. Picha ya ofisini imeharibika. Na aliyeisafisha ni yule yule wa studio, kwa hiyo ameiona kabla yangu. Saa hizi Musoma nzima inacheka mpaka sokoni. Na baiskeli sina.

Redio: Asafishe nyingine.

Masatu: Karatasi ya picha imekwisha kwake. Amesema mpaka itoke Dar. Hii ndiyo iliyopo, moja tu.

Shemasi: Hebu zihesabu zote. Mkanda ni wa picha kumi na mbili.

Masatu: Zimekuja kumi na moja.

Shemasi: Na ile ya Werema peke yake? Ile tuliyompigia kwake?

Masatu: Haimo.

Shemasi: Ngoja. Twende polepole. Werema alituita kabla ya Saba Saba.

Masatu: Alituita. Alitaka sura yake apelekewe binti yake, Nyangi, yule aliyeolewa kisiwani Rukuba. Akasema, nipige hapa hapa mlangoni, na mama yake aonekane. Kijijini siji, msinibembeleze.

Shemasi: Nikamsimamisha. Ukapima.

Masatu: Nikapima. Wawili wakawa mmoja. Nikabonyeza.

Shemasi: Halafu?

Masatu: Halafu mzee akasema, wekeni chini mlivyoshika, mnawe.

Shemasi: Tukaweka chini.

Masatu: Tukanawa.

Shemasi: Redio alinawa wa kwanza. Nakumbuka, maana alimaliza maji.

Redio: Maziwa ya siku ile yalikuwa mazuri sana.

Shemasi: Redio. Mkanda ulizungusha?

Redio: Nani, mimi?

Shemasi: Wewe.

Redio: Mimi niache kuzungusha mkanda? Mura, ndugu yangu, unanijua tangu lini?

Shemasi: Tangu tunachunga ndama. Ndiyo sababu nauliza.

Redio: Florian, ongeza kahawa hapa! Jamani, hili jambo siyo la mkanda. Hili jambo ni kubwa. Nyie tatizo lenu hamsikilizagi habari za dunia.

Niliona masikio yake yanavyobadilika rangi. Ukitaka kujua kama Redio ana kosa, angalia anavyokimbilia habari za dunia. Lakini mimi ni mwenye kahawa. Nikamimina, nikanyamaza.

Redio: Sikilizeni. Huyu wa studio anasafishaga picha za watu wote kwenye beseni moja. Nimeona kwa macho yangu. Harusi humo, kipaimara humo, maiti humo. Amefanya makusudi. Kamchukua Werema kamtosa juu yetu. Wivu.

Shemasi: Angemtosa Werema tu? Mbona hatuna bwana harusi wa Tarime hapa?

Redio: Ndio ujanja wenyewe! Angetuwekea mtu wa Tarime tungeshtuka mara moja. Kaweka wa hapa hapa ili tubishane.

Masatu: Sasa atapata nini?

Redio: Si hiki tunachofanya? Wewe unalia, baiskeli huna.

Shemasi: Mimi sikubali. Wino wa kuchanganya ungechafuka. Hapa hapajachafuka. Angalia fimbo ya mzee, unahesabu mpaka vifundo vyake.

Masatu aliinamia picha akaitazama tena. Ni kweli, vifundo vilihesabika. Hata mikunjo ya shingo ya mzee ilikuwa wazi, na mshono wa kofia yake. Nikamwona fundi ananyoosha mgongo kidogo.

Masatu: Nilimpima vizuri, eh?

Shemasi: Ulimpima hasa. Mtu wa Musoma hawezi hii.

Redio: Sasa nawapa jambo lenyewe. Hii kamera ilikuwa ya nani?

Shemasi: Ya mzungu wa jineri.

Redio: Imetengenezwa lini?

Masatu: Zamani. Labda wakati wa vita.

Redio: Wakati wa vita! Na mtu wa vita anataka kuona nini? Adui aliyejificha nyuma ya kilima. Sasa nikuulize, Jicho. Saba Saba kamera uliielekeza wapi?

Masatu: Kwenye shule.

Redio: Nyuma ya shule kuna nini?

Masatu: Kilima.

Redio: Na nyuma ya kilima?

Masatu: Kwa Werema.

Redio: Basi nimemaliza. Florian, nipe kikombe.

Hapo mimi mwenyewe nilishindwa kunyamaza.

Mimi: Kwa hiyo imetoboa ukuta wa shule, ikatoboa kilima, ikamkuta mzee kwake?

Redio: Ile ya hospitali si inatoboa kifua mpaka inaona mbavu? Kilima na kifua tofauti yake ni nini?

Shemasi: Ukubwa.

Redio: Na vita pia ni kubwa! Ndio maana ina pete ya kuzungusha.

Shemasi: Haya, imetoboa. Kwa nini haikuendelea mpaka ziwani? Tungeona na mitumbwi.

Redio: Ilimfikia Werema ikasimama. Wewe ungempita Werema bila kusalimia?

 Hata Shemasi hakuwahi kumpita Werema bila kusalimia. Aliweka kikombe chini, akajipangusa mdomo, na kwa namna alivyojikohoza nikajua naye ameshaambukizwa.

Shemasi: Mimi naona ni hiki kifuko.

Masatu: Kifuko gani?

Shemasi: Hiki cha ngozi, kinachotoka na kurudi. Hii ni ngozi ya ng'ombe, au siyo?

Masatu: Ni ya ng'ombe.

Shemasi: Na Werema alikuwa mtu wa namna gani na ng'ombe?

Redio: Alikuwaga anawaita kwa majina. Wanakuja.

Shemasi: Wanakuja! Ng'ombe aliyeuzwa kwenye mnada wa Bunda alivunja kamba akarudi kwa Werema. Sasa siku ile tulivyoweka kamera chini uani, ndama alifanya nini?

Masatu: Aliinusa. Akailamba.

Shemasi: Nimesema. Ile ngozi imekaa miaka na miaka na wazungu, imelelewa kwenye mafuta ya mashine. Siku ile ikaletwa uani, ikasikia harufu ya zizi, ikasikia sauti ya mwenye ng'ombe. Tukaondoka nayo, lakini Werema ikamshika. Haikutaka kumwacha. Saba Saba ulipofungua mlango wake, ikamtoa.

Masatu: Lakini ni ng'ombe wa Ulaya, Shemasi.

Shemasi: Ng'ombe ni ng'ombe. Ulishaona ng'ombe anauliza kabila?

Redio: Hiyo nzuri. Hiyo inashinda ya kwangu.

Redio asiposhindana, ujue anahitaji sana kuaminiwa. Alikuwa tayari kumkubali hata ndama, alimradi mkanda usitajwe tena. Lakini Masatu sasa alikuwa haangalii watu. Alikuwa ameishika picha kwa ncha za vidole, anaielekeza kwenye mwanga, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

Masatu: Hili darasa la tatu, nguzo zake nani alitoa?

Shemasi: Werema. Alikata mwenyewe, akaleta na punda, akatupa pale akaondoka.

Masatu: Na siku ya kuezeka, nani alitoa dume la kuchinja?

Redio: Werema. Nyama ile, lo!

Masatu: Sasa angalia nyumba yake imeangukia wapi. Kwenye darasa la tatu. Siyo la nne, siyo ofisi. La tatu.

Shemasi: Aisee.

Masatu: Mnajua nini? Hii nilikusudia.

Redio: Nini?

Masatu: Nilikusudia. Niliwaza, mzee hawezi kuja, basi nimlete. Hii kazi si inakutanisha watu wawili wanakuwa mmoja? Ndiyo kazi yenyewe. Mtu wa studio Musoma angeweza kumleta mtu aliyekataa kuja?

Shemasi: Dakika tano hizi ulikuwa unalia.

Masatu: Nilikuwa nalia kwa uchungu wa ufundi.

Tukacheka, na kicheko kilikuwa cha raha, si cha kumsuta. Niseme ukweli, nilijivunia benchi langu. Mkoa mzima ulikuwa na viti vya ofisini na watu waliosoma, lakini sura ya Mzee Werema katikati ya kijiji ilikuwa magotini mwa mtu anayekunywa kahawa yangu. Hapo Shemasi akarudisha jambo la Katibu: je, hii inafaa kupelekwa kwa Katibu au haifai? Redio akasema inafaa, kwa sababu Katibu alitaka asikosekane mtu na kweli hakukosekana. Shemasi akasema Katibu akimwona aliyekataa kuhama amesimama mbele ya bendera, atauliza maswali. Masatu akasema aulize, yeye yuko tayari kujibu. Nakumbuka alisema hivyo hasa, yuko tayari kujibu.

Alasiri ilipoingia akaja mwanamke kutoka upande wa njia ya Guta, kanga nyeusi kichwani, kikapu cha samaki wakavu wa furu mkononi. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini. Hatukumfahamu.

Mwanamke: Shikamooni, baba zangu.

Shemasi: Marahaba, mama. Unasubiri basi?

Mwanamke: Nasubiri la Musoma, halafu nitavuka. Ninaishi Rukuba. Nimeelekezwa kwa fundi Masatu.

Masatu: Ni mimi.

Mwanamke: Mimi ni Nyangi wa Werema.

Redio alikuwa anakunywa; akapaliwa. Shemasi akasimama kumpisha, nasi sote tukasogea. Mwanamke alikuwa hajawahi kukaa kwenye benchi hili, na siku ile hakuna aliyelikumbuka jambo hilo. Nilimmiminia kahawa kwenye kikombe changu mwenyewe.

Shemasi: Pole sana, mwanangu. Mzee alikuwa wetu sote.

Nyangi: Nimeshapoa, baba. Habari zilinikuta kule, ziwa limechafuka, hakuna mtumbwi unaovuka. Nimefika wameshamzika. Sikumwona. Lakini alishaniletea neno siku nyingi, akisema hata nikifa usihangaike, Masatu wa Bunda ana sura yangu. Nimekuja kuichukua.

 Ile fahari yote ilimtoka Masatu, nikaona mkono wake unafunika picha kwenye paja.

Masatu: Dada, picha yako ipo. Lakini imeingiliana.

Nyangi: Na nini?

Masatu: Na sisi.

Nyangi: Nipe nimwone baba yangu.

Akampa. Nyangi aliiweka juu ya kanga magotini, akaitazama kwa muda mrefu. Kahawa yake ikapoa. Nilimwona anapitisha kidole hewani juu ya uso wa mzee bila kuugusa. Kisha akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja.

Nyangi: Kavaa kofia ya harusi yangu. Alisema ilishaliwa na panya!

Shemasi: Siku ile aliitoa kwenye sanduku.

Nyangi: Na mama huyu hapa. Mawe yake haya. Na mlango wetu. Na huyu ng'ombe ni Kebaka, ana baka usoni. Sasa hawa wengine ni akina nani?

Masatu: Ni sisi. Ni kijiji. Ilikuwa Saba Saba.

Nyangi: Baba alikuja Saba Saba?

Masatu: Hapana.

Nyangi: Alihama?

Shemasi: Hakuhama, mwanangu. Mpaka mwisho.

Nyangi: Najua hakuhama, nimetoka kwake sasa hivi. Lakini naangalia hapa, namwona yuko kijijini. Halafu nikiangalia tena, naona mlango wa baba yangu na ninyi wote mmejaa mlangoni. Yeye ameiva, ninyi mmepauka kama wageni wenye njaa. Wajukuu wake wataniuliza kule nyumbani, nami sitaki kuwadanganya. Basi niambieni, baba zangu. Hapa nani alimhamia mwenzake?

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Alitutazama mmoja mmoja, anasubiri.

Masatu, aliyekuwa tayari kumjibu Katibu, aliangalia kitundu cha kamera yake. Shemasi aliangalia mikono yake iliyopanga watu, mrefu nyuma, mfupi mbele. Mimi nilisugua kikombe kilichokuwa safi. Na Redio, tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza nilimwona hana habari ya dunia hata moja. Alikuwa amegeuza viganja vyake juu, anavitazama kama vina maji ya Mzee Werema mpaka leo.

Basi likapiga honi. Mseti, dereva, akatoa kichwa dirishani.

Mseti: Fundi! Picha ya Katibu iko wapi? Nimeambiwa nisirudi bila hiyo.

Masatu alisimama. Alichukua bahasha tupu kwenye benchi, akaipuliza vumbi la pamba, akamkabidhi Nyangi aweke picha ndani.

Masatu: Shika pembeni, dada. Usiguse sura.

Nyangi: Na hao wa ofisini?

Masatu: Aliyeiomba kwanza ni baba yako.

Kisha akageukia basi, kifua mbele, sauti ya mtu mwenye kamera.

Masatu: Mwambie Katibu picha ya kijiji kizima imetoka, na hakukosekana mtu. Akitaka kuiona, apande mtumbwi aende Rukuba.

Mseti alicheka, akidhani ni utani. Nyangi akapanda na kikapu chake, bahasha kaishikilia kifuani, na basi likaondoka na vumbi lake. Tulibaki tumesimama wote wanne mpaka likapotea. Tulipokaa, Redio alinyoosha kikombe, nikainua birika, nikakuta limekwisha. Hakulalamika.

Hapakuwa na mtu aliyetucheka baada ya hapo, hata huyo wa studio. Siku hizi watu wanatoka Musoma kuja kupigwa picha na Masatu, na mkanda anazungusha Redio mwenyewe, anautazama kwenye kidirisha mara mbili kabla ya kunawa. Lakini swali la Nyangi tunalo bado. Kila mgeni anayekaa hapa namsimulia picha ilivyokuwa, kisha namuuliza. Atakayenijibu, kahawa yake ni ya bure. Mpaka leo wote wanalipa.